Watu Thelathini kwa Wakati Mmoja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku moja baada ya siku ya sala, Mkaguzi alisimama kwenye baraza la fundi viatu akiwa mkononi na amri ya kufunga chumba cha sala cha nyumba hiyo, akaona jozi ishirini na saba za viatu. Chumba cha sala kilikuwa kitupu. Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani, kila jozi na kikaratasi chake. Aliinama akasoma: Kisigino. Soli. Gundi, aje Jumatano.

Fundi alitoka akiwa na nyundo.

"Mzee, hivi ni vya nani?"

"Vya wateja, mama. Ulidhani vya nani?"

"Mwezi uliopita, siku niliyokuja kuhesabu, vilikuwepo?"

"Vipo siku zote. Vikiisha nitakula nini?"

Mkaguzi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Idara yake ya ardhi haikuruhusu mkaguzi kuingia watu wakiwa katika sala. Miaka ya nyuma mwenzao mmoja aliingia na kamera, na mahakama ikawatia adabu wote. Tangu hapo walihesabu viatu mlangoni. Kwa miaka kumi na minane aliwafundisha wageni wa kazi kwamba kiatu hakisemi uongo. Ripoti yake juu ya nyumba hii ilisema watu sitini na mmoja. Kiwanja cha makazi kiliruhusu mikutano ya watu thelathini kwa wakati mmoja, wenye nyumba wakiwemo.

"Nilivihesabu," alisema.

Fundi alimtazama, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kwa hiyo karani wa benki amesali hapa mwezi mzima, na mwenyewe hana habari. Hata deni la soli hajanilipa."

Mkaguzi hakucheka. Sahihi kwenye ripoti ile ilikuwa yake. Aliirudisha amri kwenye mkoba, akarudi ofisini.

Mkuu wa idara alimsikiliza huku amefumba macho. "Ukiiondoa ripoti, Bwana Barua atasema tumehongwa."

Bwana Barua alikuwa jirani wa fundi, mwalimu mstaafu. Jina hilo alilipata kwa barua kumi na moja alizoiandikia idara kulalamikia kelele za sala. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kitanda kilipakana na ukuta wa chumba cha sala.

"Basi aje ahesabu na mimi," Mkaguzi alisema. "Tutahesabu watu, siyo viatu."

Siku ya sala iliyofuata walisimama langoni watatu: Mkaguzi, fundi na Bwana Barua. Kila aliyeingia alihesabiwa na wote. Wa mwisho alipopita, kila mmoja alitaja alichopata, na hesabu zilikubaliana. Pamoja na fundi na mkewe, watu thelathini na wanne.

"Wanne wamezidi," alisema Bwana Barua.

"Wamezidi," fundi alikiri.

Mkaguzi alimvuta fundi pembeni. "Ulijua leo ni siku ya kuhesabu. Mbona hukuwaambia wanne wabaki kwao?"

"Tungeanza na uongo, halafu ndiyo tusali?"

Mkaguzi alitoa kitabu cha sheria mkobani. Kumshauri mtu anayemkagua kulikatazwa, lakini kumsomea sheria hakukukatazwa. Alifungua kitabu akasoma kifungu kwa sauti, na alipofika kwenye maneno "kwa wakati mmoja" akarudia.

"Nimekuelewa," fundi alisema. "Tugawane zamu mbili. Ahsante, mama, lakini hatuwezi. Kwetu sala haianzi mpaka wote wawe wamefika, na asiyefika ijulikane yuko wapi. Baba yangu alikuwa hivyo, na aliyemfundisha vilevile. Ukitugawa, hiyo si sala yetu tena, ni zamu za kiwandani."

"Kamati itakayoamua haitauliza hilo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia wewe."

Mkaguzi aliliandika hilo katika ripoti mpya, ukurasa wa pili, pamoja na kosa lake la viatu. Siku ya shauri, mwenyekiti wa kamati alisoma ukurasa wa kwanza tu. Saa sita na nusu alitoa uamuzi: amri ya kufunga imefutwa, chumba kiendelee, watu ndani ya kiwanja wasizidi thelathini. Wakizidi mara moja, kitafungwa moja kwa moja.

Fundi alinyoosha mkono. "Na wale wanne?"

"Hilo si suala la ardhi, mzee," alisema mwenyekiti, akaita shauri lingine.

Siku ya sala ya kwanza baada ya uamuzi, saa kumi kamili jioni, Mkaguzi na Bwana Barua walikuta watu wanne wamekaa kwenye vigoda kando ya barabara, hatua moja nje ya jiwe la mpaka, nyuso zikielekea dirisha la chumba lililokuwa wazi. Mmoja wao alikuwa fundi.

"Jirani, nyumba si yako?" aliuliza Bwana Barua.

"Ni yangu."

"Mbona wewe ndiye uko nje?"

"Walitaka kupiga kura. Nikasema kura za nini? Mimi chumba nimekizoea."

Bwana Barua aliangalia jiwe, kisha vigoda, kisha jiwe tena. "Mvua ikinyesha?"

"Tutalowa."

Mkaguzi alipima kwa utepe kutoka jiwe hadi kigoda cha karibu: sentimita sitini na mbili. Aliwahesabu waliokuwa ndani kupitia dirishani, bila kuvuka jiwe la mpaka, mara mbili. Akaandika: ndani ya kiwanja, thelathini. Akatia sahihi. Bwana Barua alishika kalamu muda mrefu, kisha saa kumi na dakika tisa akatia yake chini.