Mshale Uliorudi Nyuma

Kwa jina la Mola aliyeuumba upepo akaupa nguvu pasina umbo, akauumba na ulimi akaupa ukali pasina mfupa. Kwake twajikinga na dhana itanguliayo mbele ya ushahidi, kwani hiyo ndiyo habari ya kisa hiki.

Watu wake ni watatu, na wapangwe kwa umri. Wa kwanza ni Mzee Apolinary, mwenye gereji ya Bakoba, Mlutheri wa kwaya, ambaye hajawahi kukaza nati bila kuigusa tena kwa kidole. Wa pili ni Riyadhi wa Ijuganyondo, mkulima wa kahawa, mtu wa swala tano, aliyekuwa na gari la bluu alilolipenda kuliko chuma kinavyostahili kupendwa. Wa tatu ni Mujuni, fundi wa gereji hiyo kwa mwaka wa tisa, mume wa Joanitha. Mali yake kubwa ilikuwa neno moja alilopewa na Bakoba nzima: mwaminifu. Neno hilo ndilo lililowekwa rehani.

Gari la Riyadhi lilikuwa na tabo, yaani kile kifaa kinachoisukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani ya injini. Mashindano ya magari ya kupanda mlima yalikuwa yafanyike Muleba siku ya Jumapili, naye alitaka nguvu zaidi. Akaagiza tabo mpya iliyo kubwa, na kipoza hewa kipana cha kukaa mbele ya gari, ambamo hewa ya tabo hupita kabla ya kufika injini. Tabo ilihifadhiwa katika stoo ya gereji. Kipoza alikichukua mwenyewe nyumbani akakiosha na kukipaka rangi, kikakaa uani siku tano kando ya mikeka ya kahawa. Kisha akakirudisha, na Mujuni akafunga vyote.

Mambo hayakunyooka. Siku ya kwanza mpira wa hewa ulichomoka kwenye kibano chake kwa kishindo. Mujuni akatia kibano kipana. Siku ya pili injini ilikohoa, kwa kuwa hewa nyingi ilizima cheche za plagi. Akazitoa zote nne, akazipunguza mianya, kikohozi kikakoma. Tatizo la tatu lilimshinda. Gari likiendeshwa taratibu lilikuwa zima. Likikazwa, mshale wa geji ya hewa ulipanda hadi alama ya moja, ukatetemeka, ukarudi nusu, hali tabo ikizidi kupiga yowe. Alipaka maji ya sabuni kila kiungo akitafuta povu la uvujaji, asione hata moja. Akabadilisha valvu, mshale ukarudi nyuma vilevile.

Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, Riyadhi alisimama gerejini mbele ya mafundi wote akasema kuwa tabo iliyomo ndani ya gari siyo aliyoinunua; mpya imetolewa, na kuukuu imetiwa mahali pake. Hakutaja jina wala hakuhitaji kulitaja. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mtu mmoja.

Mzee Apolinary akatoa uamuzi. Kesho asubuhi wangepanda mlima wa kuelekea Kagoma, wao watatu. Kama sababu haikuonekana kabla ya swala ya Ijumaa, Mujuni angekabidhi ufunguo na kuondoka. Joanitha alipoelezwa hakulia. Aliuliza tu watoto waambiwe waseme nini shuleni.

Ijumaa waliondoka mapema. Riyadhi alishika usukani, Mujuni akaketi kando yake macho yakiwa kwenye geji, mzee akakaa nyuma. Mlima ulipoanza, Riyadhi akakanyaga mafuta. Mshale ukafika moja, ukatetemeka, ukaanguka. Yowe la tabo likapanda hadi likawa kama sindano masikioni.

"Isikilize tabo yako mpya, fundi," Riyadhi alisema. "Inalia kama mwizi aliyekamatwa sokoni."

"Ondoa mguu, waitu," Mujuni alimsihi kwa neno la heshima la Kihaya. "Inazunguka kupita kiasi chake. Itapasuka."

"Kilichokwisha kuchakaa kitapasuka mara ngapi?"

Hakuondoa mguu. Harufu ya chuma moto ikaingia ndani, na usukani ukaanza kutetemeka. Mzee Apolinary aliinama mbele akamwekea mkono begani. "Mwanangu," alisema kwa upole, "injini haina kosa la kuadhibiwa."

Gari likasimama kando ya barabara, kati ya mashamba ya migomba, likifuka mvuke. Mujuni alishuka akafungua boneti, akazungumza bila kumtazama yeyote.

"Tabo inalia, maana yake inasukuma. Geji inapima hewa ikishapita kwenye kipoza, na hapo hewa haifiki. Haivuji, nimeipima kwa sabuni. Basi imezuiwa njiani. Nipeni nusu saa nikifungue kipoza."

"Kipoza nilikiosha kwa mikono yangu," Riyadhi akajibu. "Unatafuta wa kumtwika."

"Aliyeosha vizuri haogopi kufunguliwa," mzee alisema, akachukua dumu akateremka bondeni kutafuta maji ya rejeta.

Wakabaki wawili. Mujuni alilegeza boliti moja baada ya nyingine, akakishusha kipoza, akaingiza vidole katika tundu lake la kupitishia hewa. Akavuta, na kitu kikatoka polepole: jani kavu la mgomba, lililokunjwa mara tatu na kusokotwa kuwa kizibo.

Katika nchi ile kila kibuyu cha maji ya ndizi huzibwa hivyo. Ndani ya kipoza, hewa ikiwa ndogo kizibo kililala chini; ikizidi, kilibandikwa kwenye matundu kikayafunika. Lakini mikono mingi husokota kuelekea kulia, na hiki kilisokotwa kushoto, kama Riyadhi alivyofundishwa na bibi yake, mwenye shoto kama yeye. Alikitambua papo hapo. Mujuni naye alikitambua, maana aliwahi kunywa kwenye vibuyu vya nyumba ile. Alikiweka kiganjani mwa Riyadhi, akageuka akaanza kufuta spana.

Nyayo za mzee zilisikika zikipanda. Migomba ilikuwa hatua tatu kutoka pale, na jani lililotupwa kati ya majani nani angelitafuta? Kiganja kikajifunga. Mujuni aliendelea kufuta spana iliyokwisha kung'aa.

"Mmeona nini?" mzee aliuliza.

Riyadhi akafungua kiganja. "Mkono wangu, mzee. Nilikiziba kipoza makapi ya kahawa yasiingie, nikasahau. Mujuni hakuiba. Nimemzulia."

"Nami sikuchungulia kabla ya kufunga," Mujuni alisema. "Fundi huchungulia."

"Sasa mnaligombea kosa?" mzee akacheka. "Asubuhi lilikuwa yatima."

Walipofunga na kupanda tena, mshale ulifika moja na nusu, ukatulia. Hakuna aliyeshangilia. Riyadhi hakwenda moja kwa moja msikitini. Alikwenda kwanza gerejini, akasimama palepale aliposimama jana, akaikana kauli yake kwa sauti ileile mbele ya mafundi walewale; kisha akabisha mlangoni kwa Joanitha. Alipofika msikitini, khatibu alikwisha kupanda mimbari; Riyadhi akaketi safu ya mwisho, mikono ikinuka mafuta.

Ee Mola, uwasitiri waliobaki Bakoba, Ijuganyondo na Muleba. Uzibariki kazi za mikono yao, uwape macho ya kuchungulia kabla ya kufunga, na subira ya kufungua kabla ya kushutumu. Amina.