Maporomoko Jikoni kwa Aune

Jumanne ya tarehe tatu Oktoba, saa mbili kasorobo asubuhi, Aune Kettumäki alikuwa anatenga kahawa wakati maporomoko ya Ahmakoski yalipoingia jikoni kwake. Yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita chini ya meza, yakashuka ngazi za mbele na kurudi kwenye bwawa la umeme lililo mbele ya nyumba. Maji yalimfika karibu na magoti. Aune alivaa gambuti za marehemu mumewe, akanywa kahawa yake.

Aliyatambua kwa sauti. Alizaliwa kando ya maporomoko hayo, na alikuwa na miaka tisa kampuni ya umeme ilipojenga ukuta wa bwawa na kuyazamisha. Tangu hapo hakuna samoni, samaki wa baharini wanaopanda mto kutaga, aliyevuka ukuta. Mwaka juzi serikali ilitoa yuro milioni mbili na laki nane za kuwarudishia samaki makazi yao, na zote zikaishia kwenye ngazi ya samaki, mfereji wa zege wenye vidato uliojengwa pembeni ya ukuta ili samaki wapande. Siku ya ufunguzi kulikuwa na keki na wapiga tarumbeta. Kilichosahaulika ni maji. Maji ni ya kampuni, na kampuni huyapeleka yote kwenye mitambo ya umeme, kwa hiyo ngazi ni kavu mwaka mzima. Sisi wa kijiji hiki tumewahi kuona kunguru wakiipanda, na bado inatuuma.

Kufikia Ijumaa, jikoni mlikuwa na samoni kumi na tisa. Walipita njia gani, hakuna aliyewauliza. Majike walipiga sakafu ya plastiki kwa mikia, wakitafuta kokoto za kufukia mayai, wakakosa, wakataga hivyo hivyo. Yai lisilofukiwa huchukuliwa na maji. Aune alisimama mlangoni na chekecheo la unga akiyadaka mayai na kuyarudisha, kisha akapigia simu ofisi ya mkoa inayogawa fedha za makazi ya samaki. Aliomba lori moja la kokoto.

Jumatatu alikuja afisa, Jarkko Ylitalo. Alivua viatu mlangoni, kama sote tunavyovua tukiingia nyumba ya mtu, akasimama mtoni kwa soksi.

"Karibu kahawa, mwanangu. Mkate umelowa, utanisamehe."

"Asante, mama." Jarkko alizamisha rula majini. "Maporomoko mazuri haya. Shida ni kwamba kwenye ramani hapa ni jikoni."

"Na ile ngazi yenu kavu, kwenye ramani ni nini?"

"Ni mto. Ndiyo maana ilipata fedha."

"Lori moja tu, Jarkko. Haya, nusu lori."

"Jikoni hapapewi ruzuku ya samaki, mama. Labda tufanye utafiti patambuliwe kama mto. Miaka mitatu. Ila pakishatambuliwa, wewe itabidi uhame."

"Na haya mayai nayaambia nini, yasubiri?"

Jarkko alitazama soksi zake. Alihesabu samaki, akaandika, akashukuru kwa kahawa, akavaa viatu juu ya soksi zilizolowa na kwenda zake.

Aune alishikwa na hasira. Siku tano alidaka mayai kwa chekecheo, na kila siku mengine yakampita. Kokoto za barabarani zilikuwa na mafuta ya magari. Alihitaji mawe safi, ya mviringo, na alijua yalipo.

Jumamosi, jirani yake Raili alikuja na taulo lake, kama alivyokuja kuoga mvuke kwenye sauna ya Aune kila Jumamosi kwa miaka arobaini. Alimkuta Aune amepiga magoti mbele ya jiko la sauna, anatoa mawe yanayopashwa moto kutoa mvuke. Baba yake Aune ndiye aliyeyaokota Ahmakoski, wiki moja kabla ya ukuta kufungwa.

"We Aune, una akili kweli? Sauna bila mawe?"

"Ni kabati lenye benchi, najua. Shika ndoo."

Walifukia mayai yaliyobaki mpaka saa kumi na moja jioni. Kisha wakaenda kukaa kwenye benchi la sauna, wamevaa makoti, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Desemba ilifika barua ya mkoa. Ilisema samoni kumi na tisa wamehesabiwa upande wa juu wa ukuta, ushahidi kwamba ngazi inafanya kazi, na kwa hiyo awamu ya pili imeidhinishwa: taa, na jukwaa la watazamaji. Chini yake Jarkko alikuwa ameandika kwa kalamu, "Samahani, mama."

Mayai yalianguliwa. Miaka mitatu samaki wadogo walikua kati ya mawe ya sauna, na Aune akala amesimama, ndani ya gambuti. Mwezi wa tano, miaka hiyo ilipotimia, waligeuza vichwa kuelekea baharini. Walishuka ngazi za mbele kwa mamia, wakaingia bwawani, wakaufuata mkondo mpaka ukutani. Ngazi ya samaki ilikuwa kavu, taa zake zinawaka mchana. Mkondo wote ulikuwa unaingia kwenye mapanga ya mitambo ya umeme, nao wakaingia humo.

Aune alisimama mlangoni mpaka wa mwisho alipoondoka. Kisha akarudi ndani, akawasha jiko la umeme na kutenga kahawa. Jiko liliwaka vizuri, kama siku zote.