Zamu ya Geneviève

Kikundi chetu cha wamama hapa Ngezi husali kila Alhamisi alasiri, siku ya nne kama tunavyoiita, kila wiki katika nyumba nyingine, na mwenye nyumba hupika. Tuko kumi na sita. Zamu zimeandikwa katika daftari la Mama Félicité, katibu wetu, na daftari hilo lilikuwa halijawahi kumruka mtu. Hata Mbambu, mwaka ule upepo ulipoezua paa lake, hakurukwa. Tulikula maharagwe yake pamoja na mvua.

Kwa hiyo siku Félicité alipotangaza kwamba wiki ijayo, kwa ajili ya amani, turudi tena kwa Kahindo, sote tulijua nani amerukwa. Geneviève mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amehamia mtaani kwetu miezi minne kabla ya hapo, mume wake akiwa kwenye machimbo ya dhahabu Mongbwalu. Alikuja na barua ya kanisa lake la zamani, pasta akaisoma mbele ya watu, tukaitikia amina kwa sauti kubwa. Amina haina gharama. Shida ni kwamba Geneviève anasema lugha moja na watu waliotuchomea nyumba kule Fataki, na zamu yake ilikuwa imefika ya kutupikia.

Huku kwetu hofu ya sumu si mchezo. Ndiyo maana mwenye nyumba huonja kila chungu mbele ya wageni kabla ya kuwapakulia, na akishaonja, watu hula kwa amani. Lakini wamama walikuwa wameanza kunong'onezana kwamba ziko sumu ambazo mpishi huonja na asife. Félicité alipomaliza kusema, macho yote yakanigeukia mimi. Mume wangu Gaspard aliuawa kwa mapanga katika shamba letu la maharagwe. Nilimzika mbiombio, sikupata hata maji ya kumwosha. Tangu siku hiyo, kila anayetaka kumchukia mtu huja kwangu kuazima jina la marehemu. Félicité akasema kwa sauti ya upole kwamba walikuwa wanaruka zamu ile kwa heshima yangu. Damu ikanichemka.

"Heshima gani?" nikamwuliza. "Gaspard alikufa. Musimufanye lupango, ukuta ya kufungia batu inje. Siku ya nne inayokuja tuko kwa Geneviève. Miye nitaenda, hata peke yangu."

Nisijisifu. Sikusema hivyo kwa utakatifu, nilisema kwa hasira, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshajuta. Nyumbani ni kwa shemeji yangu Jean-Pierre, mdogo wake Gaspard. Nilipokimbia Fataki alinipokea nikiwa na kitenge kimoja mwilini, akanipa chumba, nami sina kwingine pa kwenda. Jean-Pierre ni shemasi. Ndiye anayebeba kikombe siku ya Meza ya Bwana. Maneno yangu yalikuwa yamemfikia kabla yangu, na nilimkuta amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Ukila kwa ule mwanamuke, usirudi hapa," alisema. "Damu ya kaka yangu haiuzwi na sahani ya sombe."

Wiki nzima niligombana na Mungu. Ninakaanga mikate ya kuuza, na kila asubuhi mafuta yakichemka nilimwambia wazi kwamba amezidi. Amechukua mume, amechukua shamba, sasa anataka na chumba? Basi nikamwambia: haya, nyamaza, nitakwenda hivyo hivyo, lakini nikifa kwa sombe utanieleza vizuri. Nilikuwa naogopa. Niliogopa sumu, na niliogopa zaidi kulala nje na kitenge changu kimoja. Lakini kila nilipofikiria kubaki, nilimwona Geneviève akipokea barua yake kutoka kwa pasta na kuikunja polepole, akiamini ile amina yetu.

Alhamisi ilipofika tulikwenda wawili, mimi na Mbambu. Wengine wote walikuwa na malaria au na kilio cha ndugu. Geneviève alikuwa amepika kwa watu kumi na sita. Mabenchi aliazima kwa majirani, sahani alizipanga juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na masufuria yalijaa: sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, bugali, ndizi. Alitutazama, akatazama barabara nyuma yetu, akaelewa. Tukaimba nyimbo mbili kwa sauti tatu, tukasoma Neno, tukaomba. Kisha akatunawisha mikono, akafunua masufuria, akachukua kijiko.

Alianza na sombe. Alichota kijiko kilichojaa tele, kuliko desturi, ili tuone vizuri. Kijiko kilifurika na mchuzi ukadondoka kwenye kitambaa chake cheupe. Nilimwona mwanamke mzima, mbatizwa, anataka kujitetea kwa kijiko kama mshitakiwa, na hasira yangu yote ya wiki ile ikapata mahali pa kwenda. Nikamshika mkono kabla kijiko hakijafika mdomoni.

"Niache nionje, mama," alisema. "Kama sijaonja, batasema."

"Baseme. Njaa inaniuma."

Nikachukua kijiko mkononi mwake, nikala. Nilimfikiria Gaspard na maharagwe yake, nikamwambia Mungu, haya, sasa ni wewe na mimi, nikameza. Nikachota kingine. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi, nikamwambia. Geneviève akaketi chini pale pale karibu na masufuria, akalia huku anacheka, na Mbambu akasema kama mimi nimemaliza kufanya utume, basi nimpe kijiko. Tukala mpaka tukafungua vitenge kiunoni. Wakati wa kuagana Geneviève alinifungia bakuli kubwa, kama anavyofanyiwa mgeni, na nikalipokea kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika nyumbani. Begi langu lilikuwa kwenye baraza, na juu yake Biblia yangu na karai langu la mikate. Jean-Pierre alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kuziba njia. Nikaweka bakuli kwenye kiti kilichokuwa mbele yake, nikalifunua. Alilitazama, akasema kwa sauti ambayo haikuwa tena na nguvu ya wiki iliyopita:

"Onja kwanza."

"Kule nilikula mbele ya batu na niko muzima," nikamjibu. "Lakini hapa sitaonja. Shemeji, weye unatuleteaka kikombe ya Bwana. Kuna siku unaonjaka kwanza, tuone kama haina sumu? Siye tunakunywaka tu. Tunakunywa juu ya vile tunakuamini. Na Bwana mwenyewe, siku alishika kikombe ya kwanza, mwenye kumuuza alikuwa naye ku meza, na akamupa mukate."

Jean-Pierre aliinua uso. Alikuwa na macho ya kaka yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba na yeye amechoka kumlilia. Hakula. Sitasema kwamba alikula, kwa sababu hakula. Lakini bakuli hakulisukuma.

Nikainama, nikachukua begi langu, Biblia na karai, nikasimama mbele ya miguu yake.

"Siku ya nne inayokuja ni zamu yetu," nikamwambia. "Geneviève atakuja kula hapa. Na ni weye utamumwangia maji ya kunawa."

Nikangoja. Mikono ilianza kuniuma kwa uzito wa begi, lakini sikuliweka chini. Akakunja miguu, nikapita.