Chumba cha Mama Mkwe

Nyumba iliuzwa Jumanne, na mama mkwe akaambiwa kwamba wanakwenda matembezi tu.

Neno hilo, matembezi, lilitoka kinywani mwa mkaza mwanawe, mshonaji. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekwisha kustaafu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, anakohoa, anajikuna shingo, hajui aanzie wapi. Kwa miaka mingi alikuwa akiikarabati mashua ya tanga aliyoinunua ikiwa mkweche, na sasa ilikuwa tayari: jiko dogo, vitanda viwili vyembamba, matanga aliyoyashona mkewe. Wangehamia humo, waende bandari hata bandari mpaka nguvu ziwaishie. Hayo ndiyo aliyopaswa kuyasema. Mshonaji alimwona anavyohangaika, akamwahi.

"Tunakwenda matembezi kidogo na mashua, mama. Wewe utakaa kwa wifi mpaka turudi."

"Mtarudi lini?"

"Mvua zikiisha."

Bibi akaridhika. "Basi msisahau kulianika godoro langu. Likikosa jua linanuka."

Aliyekuwa akimwogesha, akimchana nywele na kumkata kucha ni mshonaji. Wifi, binti wa kumzaa mwenyewe, alikuwa akija akipata nafasi, na nafasi alikuwa haipati.

Siku ya kuondoka fundi alilia kama mtoto mlangoni kwa dada yake. Mshonaji hakutoa hata chozi. Gari lilipokata kona alihisi mabega yamekuwa mepesi, akacheka kwa sauti kabla hajajizuia.

"Unacheka nini?" mumewe akamuuliza, macho bado mekundu.

"Sijui," akasema. Alijua vizuri sana, na tangu hapo nafsi ikaanza kumsuta.

Maisha ya majini yalikuwa matamu, na utamu huo ndio uliomtesa. Asubuhi alikunywa chai miguu ikining'inia juu ya maji, hakuna wa kumwita kutoka chumbani. Hata hivyo alisikia anaitwa. Akigeuka, ni kamba inagonga mlingoti.

Kila walipofika bandarini walipiga simu.

"Godoro mmelianika?" bibi aliuliza.

"Tumelianika, mama," mshonaji akajibu.

"Mkaligeuza?"

"Tukaligeuza."

Simu ilipokatwa, fundi alijaribu utani. "Yaani mpaka kuligeuza umeligeuza!" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja wifi akapiga mwenyewe, sauti imekauka. "Mama anaamka, anavaa viatu, anakaa sebuleni anawasubiri. Kila siku. Njooni mmwambie. Uongo si wangu, siwezi kuwabebea."

Fundi akasema, "Nitakwenda mimi. Ni mama yangu."

"Mama ni wako, lakini uongo ni wangu," mshonaji akamjibu, akapanda basi peke yake.

Alimkuta sebuleni, amevaa viatu, begi liko miguuni.

"Mmechelewa," bibi akasema, uso umechangamka. "Mwenzio yuko nje?"

Mshonaji akapiga magoti mbele yake. "Mama, nyumba tuliiuza. Tuliiuza kabla hatujaondoka. Sasa tunaishi kwenye mashua. Hatukuwa na mpango wa kurudi."

Bibi alimtazama kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Na chumba changu?"

"Kina watu wengine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nimechoka, mama. Nikaona aibu kukwambia kwamba nimechoka."

"Ungeniambia. Ningekutukana, ningelia, ningekununia mpaka ukome. Lakini ningejua ninakaa wapi. Muda wote huu nimekuwa mgeni kwa binti yangu, hata begi sijafungua, kisa nina kwangu."

Mshonaji alitaka kuomba radhi, lakini akalivuta begi. Akalifungua, akatoa gauni la kwanza, akasimama nalo bila kujua aliweke wapi. Bibi akaelekeza kabati kwa kidole. Likafuata la pili, la tatu, kidole tu.

Alibaki pale siku kadhaa. Alimwogesha, akamchana nywele. Bibi alikubali kila kitu, ila hakumsemesha. Asubuhi ya kuondoka ndipo alipofungua mdomo.

"Mwambie mwanangu aje mwenyewe. Asijifiche nyuma ya mke."

"Nitamwambia. Na mimi, mama?"

Bibi akafikiri. "Wewe bado nina hasira nawe. Nenda, basi litakuacha."

Fundi alikuwa akimngojea gatini. Alimpokea mkoba, akamchungulia usoni. "Amekusamehe?"

"Hajanisamehe. Anakutaka wewe."

Fundi akarudi mashuani. Aliteremka chini, akatoka na shati safi mkononi, akilivaa huku anatembea, vifungo amevikosea. Mshonaji akamsimamisha, akavifungua kimoja kimoja na kuvifunga upya, kisha akampisha apite.