Mstari Mwekundu Nyuma ya Mlima

"Umemwambia nani?"

Bibi Oddny aliuliza taratibu, huku anamimina kahawa, na hapo ndipo Eskil alipoogopa. Bibi akifoka, yameisha. Akiwa mpole hivi, jipange.

"Sijamwambia mtu, Bibi. Haki ya Mungu."

"Mungu nimeshamtoa kwenye orodha. Tumebaki mimi na wewe."

Ishu ilikuwa kinamasi. Multe, yale matunda ya rangi ya chungwa yanayoota kwenye tope la kaskazini, mtu hasemi anakoyachuma hata akiwa anakata roho. Watu wanaegesha gari mbali, wanazunguka weee, wanarudi na ndoo imefunikwa koti. Kinamasi cha Bibi walikuwa wanakijua watu wawili tu. Hata Mjomba Torleif, mwanawe wa kumzaa, hakuonyeshwa, maana ujanani alimpeleka demu kwenye kinamasi chao cha zamani, na demu akarudi na ukoo mzima. Basi Bibi akamruka, akamwonyesha mjukuu wake, Eskil.

Halafu mwaka jana Bibi na Eskil wakafika na ndoo zao, wakakuta majani matupu.

"Wiki hii yanaiva," Bibi alisema. "Nikikuta tena yamechumwa, nitajua ni wewe. Hutakanyaga huko tena na mimi."

Eskil akatafuta wa kumtupia msala. "Na yule rafiki yako wa mtandaoni je?"

Solfrid Bjørkmo alikuwa amezuka tu mwaka jana, anadai walikuwa wote shule ya bweni. Eskil akachukua simu ya Bibi, akapekua. Picha moja, tena ya ua. Marafiki saba. Na ujumbe wake wa pili tu: Bado unachuma multe, Oddny?

"Bibi, huyu hata mtu si mtu! Ulimjibu nini?"

"Kwamba yameliwa na baridi. Kwani mimi mtoto?"

"Mbloku."

Wakambloku.

Jioni Eskil akatoka kukimbia, kichwa kipoe. Aliporudi akafungua simu aone kasi yake, kama kawaida, na ile programu ya mazoezi iliyounganishwa na saa yake ya mkononi ikamchorea njia yote aliyopita. Mstari mwekundu, kuanzia mlangoni kwa Bibi. Akautazama. Akarudi nyuma mpaka mwaka jana, siku aliyokwenda kuangalia kama multe yameiva.

Mstari ulipanda mlima, ukashuka upande wa pili, ukaanza kuzungukazunguka palepale kama kuku anadonoa. Wazi kabisa, yeyote anaona. Chini yake kuna gumba moja la kumpongeza, la mtu asiye na sura anayejiita Upepo wa Kaskazini.

Yaani kambloku bikizee wa watu, kumbe ramani kachora mwenyewe!

Alimwonyesha Bibi akiwa hamtazami usoni. Bibi akavaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole.

"Hiki kidude," akasema mwishowe, "kinajua kudanganya?"

"Kinafuata ninapokwenda tu."

"Basi kesho nenda kazungukezunguke kule bondeni kwenye mbu. Huyo Upepo ataona tumehama."

Eskil akaenda, akaliwa na mbu mpaka masikioni. Kabla hajavua viatu, gumba likaingia.

Jumamosi walijilaza nyuma ya mawe juu ya bonde, na chupa ya kahawa, darubini na ndoo zao. Gari likaegeshwa mbali. Mtu akashuka na ndoo mbili, akaelekea kwingine kwanza, akazunguka, akageuka kutazama nyuma.

"Anatembea kama mtu wa kwetu," Bibi alisema. Darubini hakuigusa.

Ni Mjomba Torleif. Akazama topeni mpaka magotini, anajipiga makofi ya mbu, anainua majani, hakuna kitu. Eskil akataka kumpigia kelele. Bibi akamshika mkono.

"Mwache atafute." Kisha akaongeza, "Si angeniomba tu."

"Ungempa?"

"Nisingempa."

Walishuka upande wa pili. Njiani Bibi akatoa simu. "Mfungulie yule Solfrid. Muulize kama anakumbuka tulivyommwagia mpishi wa bweni maji ya viazi."

"Mlimmwagia kweli?"

"Wewe uliza."

Jibu lilikuja wakiwa hawajafika mtoni. Eskil akasoma kwa sauti: "Mpishi ndiye aliyetumwagia sisi, Oddny. Na wewe ulilia."

Bibi akaichukua simu, akasoma mwenyewe, mara mbili.

"Sikulia," alisema. "Mwambie aje Jumapili, kuna keki."

"Kwa hiyo ni yeye kweli! Ungeuliza tangu mwaka jana..."

"Na wewe ungezima kidude chako tangu mwaka jana."

Wakatembea. Halafu likamjia lile lililokuwa linamkaba tangu asubuhi. "Bibi, kinamasi chetu Mjomba ameshakijua. Mwakani atarudi. Ndiyo basi tena?"

"Kile? Kile kidogo kile."

Eskil akasimama. "Kidogo? Kwani kipo kingine?"

Bibi alimwangalia kuanzia usoni mpaka kwenye mkono wa kushoto, akafungua kiganja.

Eskil akavua saa, akampa. Simu nayo akaizima, akampa.

Bibi akavitia vyote ndani ya ndoo moja, akafunika kwa mfuniko, akauficha mzigo nyuma ya jiwe, ndipo akageuka kushoto, mahali ambapo hapakuwa na njia.