Tundu la Pini Tisa

Jumanne asubuhi, baada ya chai, fundi Iererua aliivuta kompyuta ya kituo cha halmashauri ya kisiwa cha Nikubeti kutoka kwenye rafu, akaigeuza, akapuliza vumbi na maganda ya mayai ya mijusi, kisha akachomeka waya kwenye tundu la pini tisa lililoko mgongoni mwake. Ncha ya pili aliichomeka kwenye kompyuta yake mpakato. Alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka wa mkadi, maana kituo hakikuwa na kiti. Karani wa kituo, Moote, alimweleza kwamba kiti nacho kiliombwa.

Kompyuta yenyewe haikuwa na skrini. Huku kwetu ndugu akikaa mkekani kwako akasema anachokuja nacho ni bubuti, basi habari imekwisha, unatoa. Ukikataa utatajwa kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, kila watu watakapokutana, na watoto wako watatajwa, na hata mbwa wako atatazamwa vibaya. Machi ya mwaka uliopita Nei Teraoi alikuja kuomba skrini ya kituo, bintiye alikuwa anaolewa na wageni walitaka kuangalia video. Moote ni binamu wa mume wake. Akatoa. Baada ya harusi skrini iliombwa na shemeji yake wa kijiji cha kaskazini, kisha katekista akaiomba kwa shemeji, na baada ya hapo ilipita mikono mingi mpaka watu wakaacha kuifuatilia.

Tusimwonee Moote. Kesho yake tu aliita ofisi kuu ya Tarawa kwa redio akasema mashine haina skrini. Ofisi ilimjibu asihangaike, mashine ya aina ile haihitaji skrini, inaweza kuelekezwa iseme yote kupitia tundu la nyuma na mtu akaisoma kwa kompyuta nyingine. Fundi atatumwa. Ni kazi ya saa moja, walisema, na kweli ni ya saa moja. Saa hiyo ilichukua miezi kumi na sita kufika.

Mapema katika miezi hiyo, Mei ya mwaka uleule, Baikawa mume wa Nei Teraoi alitoka nje ya mwamba kuvua jodari, na injini ya mtumbwi ikamzimikia. Alikuwa na kile kidude cha manjano walichogawiwa wavuvi wote, chenye kitufe chekundu. Alibonyeza. Kidude kilituma mahali alipo, mashine ya kituo ikapokea, ikaisemea skrini ambayo haikuwepo. Ilisema hivyo mara nane kwa siku, na Moote alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo. Nei Teraoi alipokuja kusema mumewe hajarudi, Tarawa waliuliza kama kuna ishara. Moote aliitazama mashine. Taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima kama siku zote. Akasema haoni kitu. Ndege haitafuti mtu baharini bila kuambiwa ianzie wapi, kwa hiyo haikuruka. Mitumbwi ya kisiwa ilizunguka siku nane ikarudi. Kwenye faili Tarawa waliandika: hakuna ishara iliyopokelewa.

Nei Teraoi hakudai makubwa tangu siku hiyo. Alitaka mumewe arudishwe azikwe nyuma ya nyumba, pembeni ya mama yake, mahali ambapo mtu anaweza kumwagia maji kaburi huku anapika. Alikuwa ameshapapanga kwa mawe meupe.

Iererua alipowasha, kwanza zilitoka takataka, mabano na alama za kuuliza na nusu za herufi, kwa sababu mashine mbili zilikuwa hazizungumzi kwa kasi moja. Akapunguza kasi ya yake. Maneno yakanyooka. Akafungua faili la kuwashia, lile linaloiambia kompyuta isemee wapi, akalisoma. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika sehemu zote mbili, tundu na skrini. Ila mashine ile hutoa maneno yake makubwa kwa kilichotajwa mwisho, na skrini ndiyo iliyotajwa mwisho.

"Kwa hiyo nilihitaji waya tu?" Moote aliuliza.

"Waya, na hili neno likae nyuma ya hili."

Moote alijikuna shingo. Alikwenda mlangoni, akatazama nje, akarudi kukaa. Iererua alihamisha neno lile, akazima, akawasha.

Mashine ilianza kwa kutoa yote iliyokuwa imeyaweka. Zilikuja tarehe za Mei, namba za mahali, na jina la Baikawa, anahitaji msaada, mara nane kwa siku kwa siku tisa. Siku ya kumi betri ya kidude iliisha, na kuanzia hapo, bila kidude, Baikawa aliandika kwa maneno. Aliandika kwamba maji ya kunywa yamebaki nusu chupa. Kwamba amekamata ndege, amemla mbichi, hakumpenda. Siku ya thelathini na moja aliandika: Leo nimekufa. Upepo wa mashariki, si mkali. Siku iliyofuata aliandika kwamba ameanza kupiga kasia kurudi nyumbani kwa sababu sasa haoni kiu.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa asubuhi hiyohiyo ya Jumanne, siku ya mia nne ishirini na saba. Ulisema amepiga kasia usiku kucha na mkondo umemrudisha nusu ya safari hiyo. Tundu lilianza kudondosha maji. Iererua aliyaonja kwa kidole, yalikuwa ya chumvi, na Moote akaleta beseni.

Nei Teraoi alikuwa anakuna nazi alipoitwa. Alinawa mikono, akabadili shati, akaja. Alisoma tangu mwanzo bila kuruka siku, na ilimchukua mpaka saa tisa. Alipofika kwenye siku ya kufa alijifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akaendelea. Alichosema ni kwamba Baikawa hakuwahi kuacha kazi katikati, hata paa la jiko alilimaliza akiwa na homa.

Moote alitandika ramani, akapima kwa uzi kutoka namba hadi namba. Akaondoa umbali ambao mkondo unaurudisha. Kwa mwendo ule, alisema, Baikawa angefika mwambani baada ya miaka tisa, kama hakutatokea dhoruba.

Wakaita Tarawa. Nei Teraoi aliomba chombo kiende kwenye namba zile kikamchukue, amekufa ni sawa, wamlete tu. Mkubwa wa ofisi hakubisha kwamba Baikawa anaandika. Alisema kwa upole kabisa kwamba msako hufanywa ndani ya siku kumi na nne tangu ishara kupokelewa. Moote akasema ishara imepokelewa leo, basi hesabu ianze leo.

"Ndugu yangu, faili linasema hakuna ishara," mkubwa alisema. "Nikiandika kwamba ipo, nitaulizwa ilikuwa wapi mwaka mzima. Niwajibu nini?"

Moote alimwambia awajibu ilivyokuwa. Mkubwa akajibu kwamba hilo ndilo lisilowezekana. Hivyo, alisema, ujumbe huo utahesabiwa kuwa hitilafu ya tundu jipya, na fundi airekebishe kabla ya meli ya Ijumaa. Kuna namna ya kuiambia mashine inyamaze, iseme mambo mazito tu. Iererua aliijua. Ni neno moja pia, linaandikwa kwenye mstari uleule.

Siku ya Jumatano hakuliandika. Alifunga skrubu, akazifungua, akasafisha pini zilizokuwa safi. Alhamisi mchana Nei Teraoi alikuja na gimbi la babai lililopikwa kwa nazi na chupa ya tembo tamu, akaketi mkekani, akamwuliza yeye ni wa watu wa nani. Iererua alitaja baba yake. Nei Teraoi alitikisa kichwa, akamwuliza upande wa mama. Alipomtaja bibi yake wa kisiwa cha Marakei, Nei Teraoi aliweka bakuli chini.

"Bibi yako na mama yangu walinyonya ziwa moja. Unalijua hilo?"

"Sikulijua, mama."

"Sasa umelijua. Hii ni bubuti, mwanangu. Usimzibe mdomo. Na hiyo kompyuta yako niachie."

"Hii si yangu, mama. Ni ya ofisi."

"Hata skrini ilikuwa ya ofisi," Nei Teraoi alisema. "Niliomba nikapewa. Mwenzangu anaita humu siku tisa, na skrini nimeitoa mimi hapa niwaonyeshe watu keki ya harusi. Hakuna siku sijalifikiria hilo. Leo naomba tena, na wewe utanipa."

Moote, aliyekuwa kwenye redio, aligeuka ukutani. Alikuwa analia na hakutaka kuonekana na mgeni.

Iererua akatoa. Alimfundisha namna ya kuiwasha, wapi pa kuandika, na kitufe gani cha kupeleka maneno. Alimfundisha pia kutogusa kasi. Ijumaa alipanda meli na begi tupu, na kwenye ripoti aliandika kwamba tundu limewekwa, linasema, na kompyuta ya ofisi imebaki Nikubeti kwa sababu za kifamilia. Alihamishiwa stoo ya vipuri na yupo huko mpaka sasa.

Ikawa desturi. Kila jioni baada ya sala Nei Teraoi alikwenda kituoni, akamwaga maji ya beseni, akasoma, akajibu. Hawakuwa na maneno mengi, hata zamani hawakuwa nayo. Alimweleza binti amejifungua wa kike. Baikawa aliuliza uzito. Alimweleza nguruwe amekufa, paa la jiko bado zima. Baikawa alieleza mawingu. Moote alizidi kupima kwa uzi, na uzi ulizidi kuwa mfupi, kwa upana wa ukucha kwa mwezi. Watoto wa shule walipita wakiuliza babu yuko wapi leo, wakaambiwa, wakaendelea na safari yao ya kuoga.

Kila Baikawa alipouliza kama kuna chombo kimetoka kumfuata, Nei Teraoi alimjibu ukweli: bado, tumeomba tena. Waliomba mara nne, mara ya nne kwa barua iliyotiwa saini na wazee wote wa maneaba.

Jibu lilikuja na meli ya Oktoba. Ofisi iliwashukuru wazee. Ilifurahi kwamba tundu linafanya kazi. Kuhusu marehemu, faili lilikuwa limeshafungwa na halikuwa na ishara yoyote, hivyo hakukuwa na mahali pa kutuma chombo. Moote aliisoma kwa sauti mara moja, na Nei Teraoi hakuomba arudie.

Jioni ile Baikawa alikuwa ameandika marefu kuliko kawaida. Mikono haimwumi, alisema, haiwezi kumwuma, lakini amechoka, na hakujua kwamba mtu aliyekufa anachoka hivi. Mkondo wa wiki hii ni mbaya. Akauliza: Wameondoka kunifuata? Kama wameondoka niambie niache kasia.

Hilo kila mtu wa huku analijua tangu utotoni. Ukifuatwa baharini, usiondoke ulipo. Kaa hapo hapo, la sivyo watakupita.

Nei Teraoi alikaa mbele ya mpakato mpaka maji yakaanza kujaa beseni. Moote alimwuliza kama amwandikie yeye. Alikataa. Alisema angependa sana kumwona, hata kwa miaka tisa angemngoja, yeye si mtu wa kuchoka kungoja. Lakini miaka tisa ya kupiga kasia si yake, ni ya Baikawa, na hakuna mke anayeweza kumwomba mumewe kitu kama hicho. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: Wameondoka leo. Pumzika.

Jibu lilikuja papo hapo. Asante mke wangu. Nangoja hapahapa.

Tangu jioni ile namba za mahali alipo hazijabadilika. Anaushikilia mtumbwi kwa kasia dhidi ya mkondo asisogee hata kidogo, na uzi wa Moote umebaki urefu uleule. Tarawa walipoambiwa kwamba namba zimetulia, waliandika kuwa hitilafu imerekebishwa. Nei Teraoi bado huenda kila siku baada ya sala. Baikawa haulizi tena. Huandika neno moja tu, ili wanaokuja wajue pa kumkuta: Nipo.