Chanjo Yapanda Mlimani

Kila wahudumu wa chanjo walipofika kijijini, Chanthi alikuwa mlimani akipalilia mpunga, hivyo mwanawe Tui, aliyechanjwa mara moja tu, alishakosa sindano mara mbili. Safari hii muuguzi Somphet aliwafuata shambani, kisanduku cha barafu mgongoni.

"Ile ya kwanza ilimtia homa!" mama mkwe wa Chanthi alifoka, akimkumbatia mjukuu. "Humgusi!"

"Homa itakuja, mama, na itapoa. Surua ndiyo ya kuogopa."

Bibi akaiona miguu ya muuguzi, ikivuja damu. "Umenyonywa na ruba hivyo kwa mtoto mmoja?"

"Wengine watatu wako shamba la pili."

Bibi akacheka, akafunua mwenyewe paja la Tui. Sindano ilipoingia, mtoto alilia kidogo tu. Chanthi akashusha pumzi, akamtengea muuguzi wali wa kunata.

"Kula kwanza, dada. Nitakupeleka."